Nguruwe wa Kwanza wa Neema

Saint-Gilles, Jumapili, Novemba 2013. Mvua ndogo, ile isiyojua kuisha.

Leo sina sauti. Asubuhi kanisani, mimi ninayeanzisha nyimbo kila Jumapili, nilifungua kinywa ikatoka hewa tu. Maman mmoja wa kwaya alinipa pipi ya koo na kuniambia nivae skafu. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa na namna ya kumwambia mbele za watu kwamba sauti yangu nimeiacha kwenye misitu ya Ardennes, nikiwapigia nguruwe kelele.

Shajara, kaa vizuri, maana hii nataka kuiandika yote kabla haijapoa.

Nianze na aibu yangu. Mwezi wa pili mwaka huu binti yangu Neema, ambaye ana miaka ishirini na tatu na anasomea mambo ya misitu, alikuja kula kwetu. Baada ya chakula alitoa pochi, akaweka kadi mezani. Alikuwa amefaulu mtihani wa uwindaji, wa karatasi na wa kulenga shabaha. Mama yake alipiga vigelegele mpaka Madame wa ghorofa ya chini akagonga dari lake na ufagio, kama kawaida yake. Mimi niliitazama ile kadi nikasema, mwanamke hagusi bunduki ya mawindo, utaharibu uwindaji wa watu.

Hivyo tu. Sentensi moja.

Sikuizua. Kule Likasi, Katanga, nyumbani kwa baba yangu, ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa mwindaji, na kona ilipokaa bunduki yake mama na dada zangu hawakuruhusiwa hata kuifagia. Lakini mimi mwenyewe sijawahi kuua hata kanga. Niliondoka Katanga Neema akiwa na miaka saba, na tangu hapo niko huku Ubelgiji, nalinda mlango wa ofisi moja karibu na kituo cha treni cha Schuman. Mnyama mkali ninayemfahamu ni mbwa wa kunusa mabomu. Nani alinichagua niwe msemaji wa mawindo?

Neema alirudisha kadi kwenye pochi, akaosha vyombo, akaaga. Toka siku hiyo akipiga simu anasema, "Bonjour papa, maman eko?" Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nasema "Eko," nampa mama yake simu.

Miezi tisa.

Habari zake nilizipata kwa mama yake. Kwamba amepokewa na kundi la Monsieur Luc, mzee mwenye msitu kule Ardennes, na ameazimwa bunduki. Kwamba mwezi wa kumi nguruwe mwitu alipita mbele yake, naye Neema akamkosa. Kwamba wiki mbili zilizopita amekosa tena. Na kwamba ameapa, akikosa mara ya tatu anarudisha bunduki ya watu na hataenda tena. Mama yake aliniambia hayo huku anakoroga sombe, majani yetu ya muhogo, bila kunitazama.

Nilipaswa kufurahi, si ndiyo? Si nilikuwa nimetabiri? Bon, sombe yenyewe sikuimaliza.

Kwa sababu kuna jambo lingine la kwa baba ambalo sikulitaja siku ile ya kadi. Baba akikosa mara mbili, hakulaumu bunduki. Alirudi, akatuketisha wote chini, wakubwa kwa wadogo, akauliza, nani ana kinyongo ndani ya nyumba hii? Hakuna aliyeinuka mpaka kila mtu aseme la moyoni. Nakumbuka siku moja mama alisema lake, kaka yangu akasema, hata mimi nikasema nilivyochukia kupigwa kwa kosa la mwingine. Baba alisikiliza, akaomba radhi palipohitaji, na kesho yake akaenda porini. Alirudi na nguruwe mwitu amefungwa nyuma ya baiskeli.

Mimi ni Mkristo, shemasi kabisa. Mambo haya nilidhani nimeyaacha kulekule. Lakini nilijua mwenye kinyongo ni nani.

Wiki iliyopita Monsieur Luc alipungukiwa na watu wa kufukuza. Wanawaita traqueurs: wanajipanga mstari, wanakata msitu wakipiga kelele, na wanyama wanatoka kuelekea kwa wawindaji waliosimama upande wa pili. Neema alimweleza mama yake kwa simu. Mama yake, bila hata kunigeukia, akamjibu, "Papa yako eko na miguu."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Jana saa kumi na mbili asubuhi Neema alinipitia kwa gari. Njiani redio ndiyo iliongea. Tulipopita mji wa Namur nikanyoosha mkono. Nikazima redio.

"Neema," nikasema, "ule muntu eko na kinyongo mu nyumba, njo miye. Ile siku nilikuzarau. Nilisikia haya, juu wee uliweza kintu miye sikuweza. Unisamehe, mama."

Hiyo ya haya sikuwa nimeipanga. Ilitoka yenyewe, na ndiyo ilikuwa kweli.

Aliingia kwenye kituo cha mafuta, akazima gari. "Neuf mois, papa," akasema. Miezi tisa, kumbe naye alikuwa anaihesabu. "Neuf mois nilikuwa nangoya tu useme." Akajifuta macho kwa mkono wa koti, akashuka kununua kahawa mbili. Yangu aliitia sukari nne. Hakuwa amesahau.

Msituni kulikuwa na ukungu. Walinivika kizibao cha rangi ya machungwa, wakanipa fimbo. Monsieur Luc, mfupi, mashavu mekundu, alinieleza masharti: usitoke kwenye mstari, usikimbie, piga kelele. Nikamuuliza, kelele kiasi gani? Akasema, zote ulizo nazo. Shajara, miaka kumi na sita katika nchi hii naambiwa nipunguze sauti. Kwenye basi, kwenye ngazi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kazini nalipwa ninyamaze. Na huyu Mbelgiji ananiambia zote!

Neema alikuwa amepelekwa kwenye kituo chake upande wa pili, kando ya njia ya kubebea magogo.

Pembe ikalia, tukaingia. Nilianza kwa aibu, "hoo, hoo," kama wenzangu. Baadaye nikaimba. Niliimba nyimbo za kanisa zote ninazozijua, nikawaita ndugu zangu wa Likasi kwa majina, nikamwita baba. Miiba ilinichana mikono, maji yakaingia kwenye mabuti. Majani ya mialoni yalikuwa yanashuka moja moja ndani ya ukungu, mekundu na ya njano, na mimi mlinzi wa mlango nikawa naimba na kulia, na sikujua kwa nini.

Halafu ardhi ikainuka.

Hatua kumi mbele yangu, pale nilipodhani ni rundo la matope na majani, walisimama nguruwe. Mama yao kwanza, mweusi, karibu afike kiunoni kwangu, mvuke unamtoka mgongoni. Nyuma yake sita au saba. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na kiumbe chochote. Hakuwa na hasira, alikuwa anapima tu kama mimi ni jambo la kushughulikia. Kelele ikaniishia. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama namwelekeza mgeni pale kazini, "Mwende kwa Neema." Wakageuka wote kwa pamoja, wakaenda, na miti midogo ikawa inalala walikopita.

Ikalia risasi.

Moja tu. Sikuruhusiwa kutoka kwenye mstari, kwa hiyo nikaendelea kutembea na fimbo yangu, wimbo umenikauka. Risasi moja maana yake nini? Kama amekosa, si angepiga ya pili? Au amekosa na moyo umevunjika hata hiyo ya pili hakuiweza? Tulichukua labda dakika ishirini kufika njiani. Nilizihesabu kwa kila mti.

Neema alikuwa amesimama palepale, risasi ameshaziondoa kwenye bunduki, hasogei, maana sheria ni kwamba husogei mpaka pembe ya mwisho. Alinionyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya njia, kwenye majani makavu, nguruwe wa mwaka mmoja alikuwa amelala ubavu, ametulia kabisa.

"Maman yao alipita wa kwanza," akaniambia pembe ilipolia. "Mukubwa, karibu sana. Nikamuacha. Ule njo anaonyesha batoto njia, on ne tire pas." Yaani huyo hapigwi.

Nilikaa chini kwenye matope. Amekosa mara mbili, ya tatu ndiyo ya mwisho, mnyama mkubwa kuliko wote anampitia hatua kumi na tano, na mtoto wangu anamwacha aende, anasubiri. Moyo huo ameutoa wapi? Baba angempiga risasi yule mama. Mimi ningepiga hata mti.

Mchana waliwalaza wanyama wote juu ya matawi ya misonobari, pembe zikapigwa, watu wakavua kofia. Kila mnyama aliwekewa kitawi kibichi mdomoni, tonge lake la mwisho, ndivyo wanavyosema. Nilikuja nikidhani hawa ni watu wa kupiga na kupakia. Kumbe na wao wana namna yao ya kuomba radhi. Monsieur Luc akachovya kitawi kingine kwenye damu, akakiweka juu ya kofia yake, akampa Neema, heshima ya mwindaji aliyepata. Neema alikivunja vipande viwili, akaupita mstari mzima wa wawindaji na mabuti yao mazuri, akaja kunipa kimoja. Nikakipokea kwa mikono miwili. Sasa kiko ndani ya Biblia yangu, na ukurasa umeingia doa.

Leo baada ya kanisa Neema alikuja na ini la mnyama wake. Kwa baba, ini lilikuwa la wanaume waliowinda. Mama na dada zangu walipata mchuzi. Nililikaanga mwenyewe kwa kitunguu na pilipili, mke wangu amesimama mlangoni kulinda kikaango chake. Nikaliweka lote kwenye sahani ya Neema.

"Na wee, papa?"

Sauti sina, nikamwonyesha kwa mkono tu kwamba ale. Alilikata vipande vitatu. Mama yake akachukua chake kwanza, bila kuuliza mtu.

Baba, nakuandikia hapa kwa kuwa leo siwezi kusema. Uwindaji uliharibika kweli, mara mbili. Aliyeuharibu nilikuwa mimi.

Jumamosi ijayo Neema ananipitia tena saa kumi na mbili. Kabla ya kupanda gari nitawaketisha wote wawili, yeye na mama yake, niulize kama kuna mwenye neno.