Banda la Babu Halvor Limekataa Kuanguka

Verna, uko hapo? Orrin mdogo wangu nusura afe leo.

Lile banda letu la kuhifadhia nyasi za ng'ombe, si unajua lilivyoinama? Miaka mitatu namwambia baba litawaangukia ndama. Leo asubuhi nikachoka kusema. Tukalifunga waya wa chuma ili tuliangushe, Orrin akapanda trekta, akavuta.

Halikusogea. HALIKUSOGEA, Verna!

Akavuta tena. Waya ukakatika, ukarudi kwa kasi, ukapasua kioo cha trekta na kumvua Orrin kofia. Kofia tu, namshukuru Mungu.

Baba alikuwa amesimama pale na fimbo yake. Nikajua nitatukanwa. Akasema tu, "Babu yangu Halvor hakupiga msumari hata mmoja humo. Ni magogo ya mwaloni, mti mgumu, na vigingi vya mbao. Majirani arobaini walilisimamisha kwa siku moja. Nyie na katrekta kenu mnaenda wapi?"

Orrin, mweupe kama maziwa: "Sasa baba, si ungetuambia!"

"Mliniuliza?"

Hatukumuuliza, Verna. Miaka mitatu mimi namwambia tu, sijamuuliza hata siku moja.

Nikakaa palepale kwenye matope. Nimechoka, mwenzangu, nimechoka mpaka mifupa. Nikamuuliza, "Haya, baba, tufanyeje?"

Akanyoosha fimbo kuelekea bandani. "Iliyooza ni nguzo moja, ile ya kona. Nyingine ya kubadilishia nilishaichonga tangu mwaka juzi. Imenishinda kuibeba peke yangu."