Wifi Yangu Amekauka

Jumatatu, 3 Machi

Nimefua leso mbili kabla mume wangu hajaamka. Ya tatu nimeivaa chini ya gauni. Nikapiga chafya jikoni. Nikabadilisha tena.

Nakiru, dada ya mume wangu, amerudi Kakuma kutoka Nairobi. Alifanyiwa upasuaji mwaka jana, wakapunguza mfuko wa tumbo ili asile sana. Bima ya kazini kwake ililipa. Mimi nauza mitumba sokoni Lodwar. Mitumba haina bima.

Alhamisi, 6 Machi

Ametuma picha. Mume wangu ameitazama mara mbili. Kisha akanitazama mimi. Afadhali angesema kitu.

Tulikuwa sawa, mimi na Nakiru. Wanene sawa, shida moja. Tukicheka sana tulishikana mikono tukakimbilia choo, na hatukufika. Hakuna mwingine aliyejua. Sasa ananiandikia kwamba amekauka kabisa. Wivu umenikaa kifuani kama kiungulia. Ningependa kusema nimemfurahia. Sijamfurahia.

Jumamosi, 15 Machi. Kakuma

Harusi ya binti wa Nakiru. Sikunywa maji tangu asubuhi ili nifike mkavu. Jua la njiani lilikaribia kuniua.

Nakiru alicheza edonga, ngoma yetu ya kuruka. Anaruka! Juu, chini, juu, na hakuna kinachotoka. Mimi kwenye kiti cha plastiki, mapaja nimeyabana, namtazama kama mtu aliyeibiwa.

Wanawake walipokaa kula, akaanza. "Mimi nilikuwa najikojolea, jamani. Nikikohoa tu, inatoka." Wakacheka. Akanigeukia. "Si wifi yangu anajua? Sisi wawili tulikuwa tunafua leso pamoja!"

Macho yote kwangu. Yeye anasema tulikuwa. Mimi bado niko.

Niliinuka kwa hasira, ghafla mno. Kiti kikabaki kimelowa. Waliona wote.

Jumapili, 16 Machi

Nimerudi Lodwar bila kuaga. Anapiga simu, sishiki. Kanisani nimepiga magoti nikamwomba Mungu amnenepeshe tena. Hilo tu.

Jumatano, 26 Machi

Amekuja mwenyewe, mpaka sokoni. "Ejok, wifi," akanisalimu. Akakaa juu ya mzigo wa nguo. Nikamuuzia mteja sketi, nikaikunja polepole makusudi.

"Nisamehe," akasema. "Nilidhani nikicheka mimi, na wewe utacheka."

Nikachukua sketi nyingine, nikaikunja.

"Na nilikudanganya. Imepungua sana, lakini haijaisha. Nikishikwa na kikohozi bado navaa pedi."

Nilifurahi. Furaha mbaya, tamu, mpaka nikaogopa ataiona usoni. Nikamnunulia chapati kuificha. Akala kipande kidogo, akafumba macho akisubiri kishuke. Hakikushuka. Alitapika nyuma ya kibanda, nikamshika kichwa. Nywele zake za mbele zimekuwa chache. Furaha ikaniishia. Nilitaka iendelee.

Akaniambia kuna mazoezi ya kukaza misuli ya chini, yanafundishwa hospitalini hapa Lodwar. Daktari wake alimtuma. Hakwenda. Anaona aibu kwenda peke yake.

Yeye! Aliyesimulia mbele ya harusi nzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumeenda. Mtaalamu wa mazoezi ni msichana mdogo, anataja mkojo kama mtu anayetaja mahindi. Kaza kama unayezuia, hesabu, achia. Amesema nisijinyime maji. Kupungua hata kilo chache husaidia. Wengi hupata nafuu baada ya upasuaji kama wa Nakiru, lakini si wote hukauka kabisa. Amesema ni ugonjwa, tena wa wanawake wengi. Miaka yote hii nilijiona mchafu.

Nakiru alilia kwenye benchi. Mimi sikulia. Nilikuwa namtazama kiuno.

Ijumaa, 16 Mei

Mchana, joto, hakuna wateja. Nakiru yuko likizo, amekuja kukaa nami kibandani.

Bado nalowa, ila siku nyingine napita salama hadi jioni. Nimeshindwa kuacha mandazi. Wivu nao haujaisha. Leo amejaribu gauni kutoka kwenye mzigo, likamkaa vizuri, nikageuka nikapanga viatu vilivyokuwa vimepangwa.

Baadaye amekuja akaketi karibu yangu kwenye mkeka. "Haya," akasema. Tukakaza. Tukaachia. Tukakaza tena.

Mama anayeuza nyanya mbele yetu ametuuliza mbona tumenyamaza. Tumemwambia ni joto.