Sola ya Chanjo

Jumatano, 3 Julai 1996
Friji la sola nyuzi joto tano asubuhi, tano jioni. Safi. Nimechemsha sindano, nimefagia zahanati. Gari la mradi limepita kwenda Karema na vioo vingine vya sola. Mwambao wote wa ziwa sasa unafungiwa sola: misheni, shule, hata mwenye duka hapa Ikola ana kimoja cha redio. Watu wanafurahi. Mimi sisikii kitu moyoni. Vingekuja mwaka jana, mwanangu Yusufu angechanjwa surua. Havikuja. Basi.

Jumamosi, 6 Julai
Keshokutwa naenda Mpanda, semina ya wilaya. Sitaki kwenda, sitaki kubaki.

Jumanne, 16 Julai
Nimerudi. Taa nyekundu kwenye friji. Nyuzi kumi na tisa. Chanjo zote zimeharibika.

Nikazunguka nyuma ya jengo. Vioo vya sola vimejaa dagaa, Mama Zawadi anawageuza kwa ufagio. Mama wa kabila la Wabende, jirani yangu. Ndiye aliyenishikilia siku ya mazishi ya Yusufu. Kanikaribisha nionje. Kioo kina joto, anasema, na dagaa hawashiki mchanga. Fundi wa mradi alitangaza mkutanoni kwamba hii ni sola ya chanjo. Yeye alisikia chanja. Chanja ya kuanikia dagaa. Akaishukuru serikali.

Nilitaka kumchukia. Hata hilo limenishinda. Nikamsaidia kuwashusha.

Jumatano, 17 Julai
Siku ya kliniki. Nimewarudisha kina mama wote. Wauza maharage kutoka Mishamo wanasema surua imeingia huko. Mama Zawadi alikuwa kwenye foleni na mjukuu wake Neema, miezi tisa, hajachanjwa surua. Nikamweleza: dagaa walizuia jua, friji likakosa nguvu. Akakaa chini palepale. Misheni wamenipigia Mpanda kwa redio kolu, simu yao ya upepo, kuomba dozi nyingine.

Jumatatu, 29 Julai
Surua iko kitongoji cha pili. Jana wamezika mtoto. Lori lenye dozi limekwama njiani. Mama Zawadi hali chakula. Kila asubuhi anafuta vioo kwa kanga yake, hajatumwa na mtu. Halafu anachungulia dirishani.

"Leo, nesi?"

"Bado, mama."

Ninaogopa. Nadhani huu ndio woga. Nilikuwa nimeusahau.

Alhamisi, 1 Agosti
Hakuna lori.

Jumatano, 7 Agosti
Dozi zimefika jana jioni. Friji nyuzi nne. Kina mama walikuwa wamejaa uani kabla sijafungua mlango. Neema nimempakata wa kwanza. Hana homa, hana vipele. Nikamchoma, akalia kwa nguvu. Mama Zawadi akaniinamia sikioni, akasema, "Mwanangu, unatetemeka."

Nilikuwa sijui. Nikajaza kadi ya mtoto, nikamwita anayefuata.