Kwa Kaka Aliyeuza Gari la Kulala

Mpendwa Kaka Elibariki,

Hilo "mpendwa" lisikuvimbishe kichwa. Nimeliandika kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, na mwalimu alikuwa na fimbo. Za faragha nimekuandikia nyingi kwenye simu. Unazisoma, alama za bluu naziona, kisha unanyamaza kama mtu aliyeingia kuoga. Leo nakuandikia wazi, kila mtu asome, huenda mmoja wao akakutana nawe huko kwenye baridi akakuuliza habari za mama yako.

Habari zake ni hizi. Nyonga haijarudi sawa tangu alipoteleza uani. Kukaa kwenye kiti mpaka kikombe cha chai kiishe ni shughuli, sembuse kukaa ndani ya basi kutoka Dar mpaka Machame. Na anataka kwenda nyumbani, Kaka. Safari hii si ya kula Krismasi na kurudi. Anataka kukaa. Gari la wagonjwa amelikataa, anasema likiingia kijijini watu wataanza kulia kabla hajashuka. Hapa Ilala kimebaki kitu kimoja tu chenye injini na kitanda, na ndicho hicho ulichokiuza wiki hii kwa ujumbe wa mstari mmoja: "Kuna jamaa atakuja kuchukua gari langu, mpe funguo."

Mama hukumuulizia. Nyonga hukuiulizia. Hata "mambo" hukusema.

Unakumbuka siku ulipolileta? Ulikuwa wakala wa forodha bandarini, unamjua kila mtu na kila mtu anakujua, na ukawapata wale wazee wawili wa Kizungu waliovuka nalo Afrika nzima wakachokea hapa. Ukaingia nalo mtaani unapiga honi kama bwana harusi. Dizeli la zamani, moshi mweusi, ndani kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo ambacho mama alikataa kukiamini mpaka leo. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umelibatiza jina: Gesti. Mimi ndiye niliyebaki nikiulizwa na vijana wa kijiweni kama chumba kiko wazi na kama chai ya asubuhi imo.

Nilijua kwa nini umelinunua. Kwetu mwanaume mzima anajenga nyumbani, na wewe kila Desemba wajomba walikuuliza nyumba yako iko wapi ukawa unaangalia migomba. Wewe ukaona ujanja: kuliko kujenga nyumba ya kulalia wiki mbili kwa mwaka, utaondoka na nyumba Dar na kurudi nayo. Nilikuambia hakuna Mchaga aliyewahi kuwaza hivyo. Ukajibu kwamba ndiyo maana hawajaendelea.

Ile Desemba ya kwanza siisahau, na inaniudhi kwamba siisahau. Usukani ulikuwa kushoto, kama walivyozoea wenyewe huko kwao, kwa hiyo ulikuwa huoni kitu mbele ya lori ulilolifuata. Mimi nikakaa kulia, kichwa nje ya dirisha, kilemba kinapepea, nikawa jicho lako. "Bado, Kaka. Bado. Basi linakuja. Haya, sasa." Mpaka Mombo sauti ilikuwa imenikauka. Mama alikuwa amelala kitandani nyuma anaimba nyimbo za kanisani, na kila ulipopita lori aliruka ubeti. Tulipofika, mjomba alilizunguka mara moja, akaligonga ubavuni kwa fimbo yake, akauliza msingi wake uko wapi. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye nyasi. Nilicheka na mimi. Siku ile nilikupenda sana, kwa taarifa yako.

Halafu ukaondoka. Ulisema ni kwa muda mfupi, ukanipa funguo, ukaniambia niliwashe kila Jumamosi lisije likalala usingizi wa moja kwa moja. Mimi. Muuza vifungo na zipu wa Kariakoo, mtu ambaye cherehani ikikwama naiombea. Jumamosi ya kwanza nilipiga stata bila kusubiri ile taa ya njano izime, kumbe dizeli la namna ile linataka kupashwa moto kwanza. Nikapiga, nikapiga, mpaka betri ikafa. Fundi Chande, yule wa Mtwara mwenye gereji nyuma ya nyumba, alikuja akanikuta nimeinamia usukani, akaniuliza kwa adabu kubwa kama ninaliombea au ninalilazimisha.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Nimejifunza kutoa hewa kwenye njia ya mafuta, kupampu kwa kidole gumba mpaka povu liishe itoke dizeli tupu. Nimejifunza kumwaga maji yanayokaa chini ya filta, maana mafuta ya kwenye madumu uliyoniachia yalikuwa nusu supu. Panya wa Ilala walikula nyaya za taa. Mvua ya masika iliingia kwenye ufa wa paa, mbao za juu ya kitanda zikalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilipanda mwenyewe kuziba, kwa mwili huu unaoujua, ngazi ikalia, majirani wakatoka na viti kuangalia. Nozeli za kurushia dizeli nilizitafuta kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, duka kwa duka, mpaka wauzaji wakanipa jina, Mama Gesti, jina ambalo kwa mwanamke aliye mzee wa kanisa halikai vizuri. Nimewahi kuingia ibadani nikinuka dizeli hadi benchi zima likasogea.

Nilikuwa nakupa taarifa za yote hayo. Na hapa ndipo ninapokuchukia, Kaka, nisilizungushe. Gari lilipoharibika uliniandikia, "Pole mdogo wangu, gari letu linazeeka." Paa letu. Betri yetu. Mwezi uliopita nilikutumia video likiwaka mara moja, bila moshi, Fundi Chande akipiga makofi. Hukujibu. Kilichofuata ni ule ujumbe wa gari langu. Kumbe uliituma ile video kwa mnunuzi, mwenyewe amenionyesha. Mikono yangu yote hii, wewe umeifanya tangazo.

Huyo jamaa yako amekuja leo asubuhi. Ni mkaanga samaki wa soko la Feri, anaitwa Bwana Mohamedi, mtu mstaarabu kukuzidi. Anataka kutoboa dirisha ubavuni auze samaki na chipsi. Akanieleza mlikubaliana atakutumia hela akishaliona limewaka. Nikamwambia hilo halina shida, asikilize. Nikasubiri taa ya njano, nikawasha. Likanguruma. Akatabasamu, akavua viatu mlangoni kama anaingia kwa watu, akapanda kukagua jiko.

Hakujua kwamba mama yumo. Fundi Chande na mimi tulikuwa tumemlaza humo tangu alfajiri, kujaribu godoro kabla ya safari ya kesho.

"Shikamoo mama," nikasikia.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutusindikiza?"

Yule bwana akanigeukia. Mimi nikaangalia pazia. Ujue, Kaka, mpaka leo asubuhi mama alikuwa hajui kwamba umeliuza. Kila alipouliza kwa nini hupigi simu, nilimwambia mtandao wa huko unasumbua sababu ya theluji. Nimekuwekea theluji mpaka mwezi ambao huko watu wanavaa kaptula. Nikafikiri niongeze uongo mmoja tu, niseme huyu ni fundi wa gesi. Bwana Mohamedi akaniokoa kwa kutojua. Alisema samahani, aliambiwa na mwenye gari kwamba limeuzwa.

"Mwenye gari nani?" mama akauliza.

Nikamwambia. Elibariki.

Injini inaunguruma, kijiko kinatetemeka kwenye sinki, mama ametazama lile paa nililoliziba. Nikadhani atalia, nikaanza kutafuta leso. Halafu akasema, taratibu kabisa, bila hasira:

"Basi aniuze na mimi. Nimo ndani."

Bwana Mohamedi alishuka kinyumenyume. Alivaa viatu akakosea miguu. Akaniambia, "Dada, mimi nauza samaki, sishushi wazazi wa watu kitandani," akaniombea safari njema, akaondoka. Amesema atakupigia. Usijifanye hujaisikia simu.

Tunaondoka kesho alfajiri. Nitaendesha mimi, na Fundi Chande atakaa kulia aniambie bado au sasa. Ananiheshimu kidogo kuliko nilivyokuheshimu wewe, nadhani atapiga kelele. Naogopa, sikufichi. Sijawahi kulipeleka mbali kuliko Kibaha, na kule lilinizimikia mara mbili kwenye mlima ambao Fundi anasema si mlima. Lakini mtu anayeogopa na anakwenda ana faida zaidi kwa mama kuliko mtu jasiri aliye mbali.

Sikuombi ruhusa, wala sikuombi radhi. Nilipomfunika kabla sijaandika hii, nilimuuliza mama nikuandikie nini. Amesema asiandikiwe mtu. Mwenye gari ampigie mwenyewe, amweleze. Kwa hiyo nimeweka simu yake pembeni ya mto. Imejaa chaji. Sauti nimeipandisha mpaka mwisho, maana sikio la kushoto halimsaidii siku hizi. Gari ukilitaka, ni lako, sibishani tena. Mpigie mama umwambie ashuke.

Kwa heri kwa sasa, na ujifunike vizuri,

Mdogo wako wa kike, dereva wa mama.