Picha ya Babu Niliyoikunja

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Guangzhou, Uchina, mimi na mjomba wako tu wazima, na nguo tulizokununulia tumeshazipakia. Umeniuliza kama babu, kwa kuvuta sigara, alitisha kama yule mgonjwa kwenye picha ya onyo ya pakiti za sigara za huko Mombasa.

Moshi ndio uliomuua, hapo pakiti haidanganyi. Lakini pochini nina picha yake ya ujana, amembeba mama yako akiwa mchanga. Upande wenye sigara niliukunja kwa aibu. Leo, kwa swali lako, nimeukunjua. Nikakumbuka mpiga picha alivyomfokea: "Shusha mkono!" Babu akakataa. Kuizima sigara hakuweza, basi aliunyoosha mkono mbali kabisa, moshi usimfikie mtoto.

Nakutumia picha nzima. Wewe usiikunje.

Bibi yako