Anwani ya Hapa-Hapa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kufundisha mwaka wa kwanza huduma za wavuti, yaani programu zinazotumiana maombi na majibu mtandaoni. Nusu saa nzima nimeongea peke yangu kama redio. Nikauliza: jamani, huduma ni nini? Mmoja akajitosa: ni kitu kinachofanya kazi bila kuulizwa hali, kama mama. Wakacheka, nami nikacheka — halafu nikaona hajakosea sana.

Basi nikazima projekta. Nikasukuma kabati hadi kwenye kona na nyuma yake nikamtia Babu Seva, na kikokotoo mkononi. Huyu ndiye mkubwa wa darasa, ana miaka hamsini na nne, ananizidi hata mimi. Alikuwa mtunza stoo kiwandani mpaka walipopunguza watu. Jina hilo wamempa watoto, naye analipenda kweli. Sheria ni hii: unapitisha karatasi yenye ombi, unapokea karatasi yenye jibu. Yanayofanyika nyuma ya kabati hayakuhusu. Mnakubaliana tu ombi liandikweje na jibu lije vipi — huo ndio mkataba wenu.

Raha tupu! Tatizo Babu Seva hawezi kujibu bila kupiga soga. Karibu mwanangu, umeamkaje, haya, saba mara nane, subiri kidogo. Nikamwambia seva, kompyuta inayojibu maombi, haiulizi mtu kaamkaje. Nao kila anayekwenda anaanza na shikamoo. Isipokuwa yule binti wa mstari wa mbele, ambaye namwita Kimya maana tangu chuo kifunguliwe sijamsikia akimaliza sentensi. Kapitisha karatasi kama anatupa takataka. Hata salamu hana! Nikawaka. Nikamuuliza kama kwao hawakumfunza adabu.

Sauti ikatoka nyuma ya kabati: mwache, mwalimu, ombi lake limekamilika, salamu haimo kwenye mkataba.

Darasa zima hoi kwa kicheko. Kimya hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu wa idara kaniita. Babu Seva alianguka mtihani wa kwanza wa vitendo. Akianguka na huu wa tarehe kumi na tisa, anatolewa kwenye kozi. Mkuu anapendekeza tumhamishie darasa la kuchapa barua, eti ndiyo saizi yake. Nilitamani kumrushia kikombe. Mtu anayefika kabla ya mlinzi kufungua maabara! Anayeuliza swali lile lile mpaka alielewe, wala haoni haya!

Mtihani ni wa wawili wawili. Kila mmoja anaandika huduma yake, moja iite nyingine. Tumepiga kura. Babu Seva kaangukia kwa Kimya. Binti ataandika Stoo, inayojua bidhaa gani zimebaki. Mzee ataandika Oda, inayopokea oda na kuiuliza Stoo kama mzigo upo. Mtunza stoo mzima kanyimwa Stoo — kacheka hadi machozi. Binti hakuona cha kuchekesha. Alinifuata mlangoni kuomba abadilishiwe mwenzake. Kwa nini? Hana sababu. Basi na mimi sina nafasi.

Jumanne, 11 Machi

Hawa wawili wananishangaza. Darasani hawasemeshani kabisa, wamekaa mgongo kwa mgongo. Lakini kila asubuhi kazi imesogea! Leo wameniletea mkataba wa huduma zao. Safi. Ombi hivi, jibu hivi, mzigo ukikosekana sema hivi. Nimewaonyesha wenzao: mnaona? Si lazima mpendane. Kila mtu ashike ahadi yake tu.

Nimemsimulia mume wangu. Kasema nyumba nyingi zingepona kwa mkataba wa hivyo. Nikamwambia basi aandike wake, aanze na vyombo vilivyomo kwenye sinki.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Majaribio maabarani, kila huduma kwenye kompyuta yake. Wengine wamehangaika, wamefanikiwa. Zamu ya Babu Seva — Oda haipati jibu. Mara ya pili, hola. Jasho linamtoka. Anasisitiza jana usiku ilijibu vizuri kabisa, Stoo iliitika papo hapo.

Nikainama kutazama msimbo wa programu yake. Nikaliona. Kila kompyuta ina anwani ya kujiita yenyewe, mimi naiita anwani ya hapa-hapa. Ukiiweka, mashine inajigongea mlango wake yenyewe. Mzee kaiambia Oda: kaitafute Stoo hapa-hapa. Na Stoo iko meza ya pili, kwa Kimya! Kosa la wanaoanza, kila mwaka nalisahihisha. Ila mtu akilifanya, programu huwa haipati jibu hata siku moja. Ili ipate jibu, huduma zote mbili lazima ziwe ndani ya mashine moja.

Nikauliza: jana usiku zilikuwa mashine gani?

Babu Seva kakuna sikio la kushoto. Nikamgeukia Kimya. Naye anakuna sikio la kushoto! Kisha kabeba mkoba, katoka.

Hasira zikanipanda. Nikadhani nimeibiwa mchana kweupe, kumbe binti ndiye anayemwandikia. Nikamketisha mzee, nikafuta kipande cha msimbo wake, nikasema andika tena mbele yangu. Kaandika. Polepole, kwa kidole kimoja, huku akinieleza kila mstari unafanya nini. Ni yake. Ni yake kabisa!

Ndipo akaniambia. Yule binti ni mwanawe. Laptopu nyumbani ni moja, wanapokezana kwenye meza ya kulia. Binti hajawahi kugusa kazi yake — akiguswa bega tu kuulizwa jambo anasema baba, soma mwenyewe. Siku alipopokea barua ya kujiunga, mzee naye alikuwa na ya kwake, akaitoa mfukoni akidhani watafurahi wote. Binti alilia. Alimwomba jambo moja tu: chuoni wasijuane. Asije akaitwa mtoto wa yule babu. Mzee kaahidi. Ndiyo maana asubuhi anatangulia, anapita geti la nyuma.

Mwalimu, kaniambia, ukiona nimeiba andika nimeiba, nitaondoka. Lakini usiseme ni mwanangu. Nikamwahidi.

Na mimi niliyemuuliza yule mtoto kama kwao kuna adabu, mbele ya baba yake! Aibu niliyoiona ni yangu. Nimekaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuwasha.

Jumatatu, 17 Machi

Nilikuwa na hofu, na hofu imekuja kwa miguu yake. Mkuu wa idara ameona: kazi zote mbili zimetumwa kutoka mashine ile ile. Anasema binti kamwandikia mzee, mchezo umekwisha. Nikamwapia nimemwona akiandika mwenyewe. Basi mashine moja ilikuwaje? Nimeahidi. Kasema sawa, Jumatano atamuuliza mzee mwenyewe kabla ya mtihani, na bila maelezo ya maana hamruhusu kuendelea.

Nikamtafuta Kimya, nikamkuta kwenye ngazi. Nilikatazwa kuwaambia watu. Huyu si watu, ni mwenyewe. Nikamwambia yote, na kwamba baba yake hatajibu.

Akauliza: alisema hatajibu?

Nikamwambia alisema amekuahidi.

Kashuka ngazi bila kuaga. Safari hii sikumgombeza. Nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimeshika chaki.

Jumatano, 19 Machi

Maabara. Mkuu ndiye msimamizi, mimi nimewekwa nyuma na sina ruhusa ya kusema neno, kwa hiyo naandika ili mdomo wangu upate kutulia.

Wengine wote wamemaliza, wamebaki kutazama. Wamebaki wawili wangu. Babu Seva kavaa shati la kola, kapiga pasi mpaka mikono ina mstari.

Mkuu kauliza, kwa sauti ya kila mtu asikie. Kazi zenu zimetoka mashine moja. Eleza.

Mzee kasimama. Kakuna sikio. Kasema: sina maelezo, mkuu.

Mkuu kauliza tena. Sina, mkuu. Mkuu akafungua kalamu. Mungu wangu, niliinuka nusu!

Kimya akasimama kwenye meza yake. Kiti kimepiga kelele, wote tumegeuka. Katembea mpaka mbele, karibu sana na mzee, uso umemwiva. Akasema, si kwa kunong'ona:

"Shikamoo, baba."

Mzee kafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Yeye! Anayeijibu hata karatasi! Binti akamgeukia mkuu: ni baba yangu, laptopu yetu ni moja, na mimi sijamwandikia hata herufi.

Nyuma kuna mtu kasema kumbe, mwingine kamwambia nyamaza.

Mkuu kawatazama wote wawili, kila mmoja anakuna sikio la kushoto. Nadhani ameona masikio. Kafunga kalamu. Kasema haya, endesheni, sitarudia nafasi.

Sasa mzee yuko kwenye kompyuta yake. Anafuta anwani ya hapa-hapa. Anaandika ya meza ya pili, namba kwa namba, kwa kidole kimoja, midomo ikisoma. Kimya kasimama nyuma yake, mikono kaifunga mgongoni. Hamgusi. Hamsemeshi. Ila hajarudi kukaa kwake.

Kabonyeza.

Kale kaduara ka kusubiri jibu kanazunguka. Kanazunguka bado. Mzee hatazami skrini — amegeuza shingo, anamtazama mwanawe, na midomo inaanza kusema maraha—