Mara Sita Mfululizo Ulitupa Karata

Kaka,

Salamu zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini kifua chako kimepona. Mimi ni mzima, na kazi ya duka la dawa inakwenda. Uliniandikia nisikusalimie tena. Nakusalimia hivyo hivyo, maana ndivyo Mama alivyotulea.

Nimesikia unavyowaambia shangazi zetu: eti ulipigania kumchukua Mama, mimi nikavuruga mchezo mpaka akafungasha akaenda kuishi kwa yule fundi cherehani mwenzake. Sasa kaa chini usome.

Jumapili ile alasiri magoti ya Mama yalikuwa yameshazikataa ngazi za nyumba yake. Kila mmoja wetu akasema mbele yake, kwa sauti tamu, kwamba Mama atakaa kwake. Wewe ukaleta wazo la kucheza karata, poka: atakayeshinda amchukue. Mama akacheka, akatumwagia vifungo vya nguo mezani viwe dau, ishirini kwako, ishirini kwangu, akaketi nyuma ya kiti changu.

Yeye ndiye aliyetufundisha. Alituambia tusiotee karata moja ya mwenzetu, bali tuhesabu jozi zote za karata mbili za mkononi ambazo mtu wa tabia yake angeanza nazo, kisha tufute moja moja kadiri anavyocheza. Hesabu yako, Kaka, haijawahi kuwa fupi. Wewe huingia na takataka yoyote. Hata mbili na saba, mwanzo mbovu kuliko wote, kwako ni karata. Katika mara kumi unatupa karata na kujitoa labda mara mbili. Siku ile ulitupa mara sita mfululizo, kabla karata hata moja ya mezani haijafunuliwa! Hakuna mkosi wa namna hiyo. Ulikuwa unatupa wafalme, unatupa malkia, unamtupa Mama, na usoni umejivika huzuni. Mnafiki we!

Mara ya saba ukasukuma katikati vifungo vyote vilivyokubakia, ukasema umechoka, tumalize. Simu yako ikalia, ukatoka nayo uani. Uliporudi ulimkuta Mama amekusanya karata, anasema mchezo umekwisha. Hukuuliza kwa nini. Ulipumua tu.

Hapa kalamu inanilemea. Nilikuwa na ree mbili. Hakuna mtu anayeanza na karata nzuri kuliko hizo. Kwa hesabu ileile ya Mama nilijua umesukuma uchafu ili ushindwe, na kwamba nikikufuata nitashinda. Nikafikiria nyumba yangu ilivyo kimya nikirudi kazini. Ukiwa bado uani, nikazitupa kifudifudi.

Mama aliinama begani kwangu, akazifunua. Akaniuliza polepole, kama anayeuliza saa, "Ungepata karata gani, mwanangu, ndipo ungenichukua?"

Nilianza kuhesabu vifungo vyangu.

Juzi nilienda kwa yule fundi. Alinizuia mlangoni, akasema Mama ana kazi, hapokei wageni. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda, haikusimama hata kidogo.

Basi acha kuwadanganya shangazi. Mimi nimeshawaambia yangu. Jumamosi nitarudi pale mlangoni. Ukitaka njoo, hutaki baki. Sikuombi tupatane.

Nibusie watoto, na umsalimie sana wifi, ambaye sina ugomvi naye.

Ndimi mdogo wako, upende usipende,
Kitindamimba